Mkataba Umefichwa, Chumba Kimeachwa Wazi

Yamezuka mawaidha mapya ambayo vijana wanaojipatia riziki katika mitandao ya kijamii wanahubiriwa asubuhi na jioni. Wanaambiwa wawe wakweli wa nafsi zao, wasiigize, waoneshe maisha yao kama yalivyo. Na papo hapo wanaambiwa wajiwekee mipaka ili wasije wakachoka. Mawaidha haya yana sura nzuri, na wengi wanaoyatoa wana nia njema. Lakini yana kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba hayasemi ni nani anayelipa. Katika biashara yo yote, anayeficha jina la mlipaji ameficha nusu ya habari.

Mshawishi wa mitandaoni, kwa jina ambalo sasa limezoeleka, ni mtu anayekusanya wafuasi kwa picha, sauti na maneno yake, kisha akaiuza imani ya wafuasi hao kwa mwenye bidhaa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ikivuliwa mapambo. Hakuna aibu ndani yake kama hakuna udanganyifu. Mwenye duka anauza sukari, fundi anauza ujuzi wa mikono yake, na mshawishi anauza kule kusikilizwa kwake. Tatizo linaanza pale ambapo mnunuzi hajui kwamba yuko dukani.

YouTube ilianzishwa mwaka 2005, na kuanzia mwaka 2007 ikawa inawagawia watengenezaji wa video sehemu ya fedha za matangazo. Instagram ilifunguliwa Oktoba 2010, na haikutimiza hata miaka 2 kabla ya Facebook kutangaza, mwaka 2012, kwamba inainunua kwa dola bilioni 1. Bilioni hiyo haikutolewa kwa kuupenda uzuri wa picha. Mabepari wa biashara hii walikwisha kung'amua jambo ambalo kila mama wa Kariakoo au Ngamiani analijua tangu utoto wake: mtu humwamini jirani kuliko ubao wa matangazo. Sabuni inayosifiwa redioni hutanguliwa na muziki wa tangazo, na msikilizaji hujua kwamba hapo anasemeshwa na mwenye kiwanda. Sabuni inayosifiwa na msichana anayefua uani kwake, huku akisimulia alivyogombana na wifi yake, haina muziki wa kumwonya mtu. Kilichonunuliwa hapo ni ujirani, na ujirani hauandikwi kwenye risiti.

Ndiyo maana neno "uhalisi" limekuwa kipenzi cha wafanyabiashara. Kadiri mshawishi anavyoonekana kuwa hana siri, ndivyo bei yake inavyopanda. Analia mbele ya kamera, anaonesha kitanda ambacho hakijatandikwa, anasimulia talaka yake mwanzo hadi mwisho. Na machozi yakiisha kukauka inafuata chupa ya mafuta ya nywele. Chumba kiko wazi hadi uvunguni. Mkataba wa mafuta ya nywele umefungiwa kabatini. Mambo yamepinduliwa: lililopaswa kuwekwa wazi limefichwa, na lililopaswa kusitiriwa limetandazwa barazani.

Mwaka 2015 msichana wa Australia, Essena O'Neill, aliyekuwa na wafuasi zaidi ya nusu milioni katika Instagram, alitangaza kwamba anaiacha kazi hiyo. Alifuta picha zipatazo 2,000, na zile alizozibakiza akaziandikia maelezo mapya. Akaeleza kwamba gauni fulani alilivaa kwa sababu alilipwa alivae. Kwamba picha fulani ilipigwa mara nyingi mno mpaka tumbo lionekane bapa. Wapo waliomdhihaki wakasema kwamba naye anatafuta umaarufu wa namna nyingine. Huenda. Lakini hoja yake haijajibiwa hadi leo. Picha zake hazikuwa za uongo kwa maana iliyozoeleka, kwani mwili ulikuwa wake, gauni lilikuwepo, na bahari ilikuwa bahari. Uongo ulikuwa katika kunyamaza. Mtu aliyelipwa kusifu kitu, akaficha malipo yake, amedanganya hata kama kila neno lililotoka kinywani mwake ni kweli.

Wengine hawakuishia kunyamaza. Katika nchi hiyohiyo ya Australia, Belle Gibson aliwaambia wafuasi wake kwamba ana saratani ya ubongo na kwamba anajitibu kwa chakula. Akauza programu ya simu na kitabu cha mapishi. Mwaka 2015 ikabainika kwamba saratani hiyo haikuwepo kabisa, na mwaka 2017 mahakama ikamtoza faini ya dola 410,000 za Australia. Watu waliomwamini hawakuwa wajinga. Waliamini kwa sababu amewafungulia, au walidhani amewafungulia, mlango wa chumba cha mgonjwa. Na hakuna mtu mwenye adabu anayemwomba jirani mgonjwa cheti cha daktari. Adabu yao ndiyo iliyotumiwa kuwaibia.

Inafaa pia kuwatazama wakubwa. Kim Kardashian wa Marekani alilipwa dola 250,000 ili aitangaze sarafu ya kidijiti kwa wafuasi wake. Aliweka alama ya kuonesha kwamba ni tangazo, lakini hakutaja kiasi alicholipwa, jambo ambalo sheria ya dhamana na mitaji ya nchi hiyo inalitaka. Oktoba 2022 alikubali kulipa dola milioni 1.26 ili kulimaliza shauri hilo, bila kukiri wala kukana kosa. Ufaransa ikaenda mbali zaidi kwa sheria yake ya Juni 2023, inayotaka kila tangazo la mshawishi litajwe waziwazi kuwa ni tangazo, na picha ya mwili iliyorekebishwa iandikwe kwamba imerekebishwa. Kutangaza upasuaji wa urembo kumepigwa marufuku. Atakayevunja sheria hiyo anaweza kufungwa hadi miaka 2 na kutozwa faini hadi euro 300,000. Nchi ambayo haikosi ubepari imeona kwamba ubepari wenyewe unahitaji kengele mlangoni.

Yupo wa kusema kwamba hayo ni maradhi ya mijini, na kwamba mtu wa shamba anayeonesha shamba lake hawezi kudanganya wala kudanganywa. Mfano wa China unalikanusha dai hilo. Li Ziqi, mwanamke wa Mkoa wa Sichuan, alijipatia sifa duniani kwa video za maisha ya kijijini alikoishi na bibi yake. Anapanda, anavuna, anasuka, anatengeneza mchuzi wa soya kwa mikono yake, na maneno yake ni machache. Mwaka 2021 Kitabu cha Rekodi cha Guinness kiliandika kwamba alikuwa na wafuasi milioni 14.1 katika YouTube, idadi kubwa kuliko ya chaneli nyingine yo yote ya lugha ya Kichina. Ni uhalisi gani unaozidi wa mtu mwenye jembe mkononi? Hata hivyo, katika kampuni iliyobeba jina lake, yeye alikuwa na hisa asilimia 49. Asilimia 51 zilikuwa za wakala wa mjini Hangzhou, na tambi za supu ya konokono zilikuwa zikiuzwa kwa jina hilohilo la mwanamke wa shamba. Julai 2021 video zikakatika ghafla. Shauri likafika mahakamani, suluhu ikapatikana Desemba 2022, umiliki ukamrudia, na alirejea mbele ya kamera Novemba 2024.

Zaidi ya miaka 3 ya kimya! Jembe lilikuwa lake, bibi alikuwa wake, jina lilikuwa chini ya watu wengine. Mahubiri ya kuwa mkweli wa nafsi yasingemsaidia kitu, maana nafsi yake haikuwa na kasoro. Alichohitaji ni wakili wa kumsomea karatasi kabla ya kutia sahihi. Na hapa ndipo wahubiri wa uhalisi wanapowapotosha vijana, kwa kuwa wanalifanya jambo la mkataba lionekane kuwa ni jambo la tabia. Kijana akichoka, anaambiwa hakujiwekea mipaka. Akiumbuka, anaambiwa hakuwa mkweli. Kampuni inayomlipa kulingana na idadi ya macho aliyoyavuta haiguswi na lawama, wala mtambo wa hesabu unaochagua video ya kusogezwa mbele hauulizwi kwa nini haujui Ijumaa wala Jumapili. Mvunja kuni akilala, kuni zake hukaa pale alipoziacha. Mshawishi akipumzika wiki 2, anarudi kukuta wafuasi wamekwisha kuelekezwa kwingine.

Kwa hiyo mipaka ni haki ya kazi, kama saa za kazi na likizo, na haki ya kazi haijapata kulindwa kwa mawaidha peke yake. Jirani Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, iliweka kodi ya asilimia 5 kwa malipo ya watengenezaji wa maudhui ya kidijiti, baada ya pendekezo la kwanza la asilimia 15 kupingwa. Vijana wengi waliilaumu kodi hiyo, na hilo si ajabu. Lakini ndani yake mna ungamo ambalo walistahili kulishika kwa mikono miwili: serikali inayotoza kodi imekiri kwamba hiyo ni kazi. Na anayefanya kazi anaweza kudai mkataba ulioandikwa, malipo ya wakati, na haki ya kufunga mlango jioni.

Mfuasi naye anadai nini? Anadai kuambiwa ukweli kuhusu fedha. Hadai zaidi ya hapo. Hana haki ya kujua ndoa ya mshawishi ikoje, wala ya kujibiwa matusi yake saa 7 usiku, wala ya kukasirika kwa sababu mtu aliyemzoea katika simu amekataa kumwonesha mtoto wake mchanga. Aliyesema waziwazi kwamba amelipwa na kiwanda fulani, kisha akafunga mlango wa nyumba yake, ni mkweli kuliko yule anayelala na kuamka mbele ya kamera huku risiti zake zikiwa gizani.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la wale wanaodhani kwamba uhalisi maana yake ni kukaa mahali ulipozaliwa bila kusogea. Kili Paul, kijana wa Kimaasai wa Mkoa wa Pwani, alipata wafuasi wengi sana kwa kufuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo yake, akiwa amevaa mavazi ya kwao, mara nyingine pamoja na dada yake Neema. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimpa heshima, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao katika hotuba yake ya redio. Mtu anayesema kwamba Mmaasai halisi haimbi Kihindi anataka kumweka mwenzake katika kabati la makumbusho. Kijana huyo hakujidai kuwa Mhindi. Kila anayemtazama anajua anachokiona: mtu wa Pwani anayefurahia wimbo wa ng'ambo ya bahari. Hakuna aliyedanganywa, na bahari hiyo imepitisha nyimbo kwa karne nyingi bila kumwomba mtu ruhusa.

Kuna mlango, hata hivyo, ambao mkataba bora kuliko yote hauwezi kuhalalisha ufunguliwe. Ni mlango wa mtoto. Ruby Franke, wa jimbo la Utah nchini Marekani, alianzisha mwaka 2015 chaneli ya YouTube iliyoonesha malezi ya watoto wake 6, akapata wafuasi zaidi ya milioni 2. Watoto walirekodiwa wakila, wakilia, wakiadhibiwa. Agosti 2023, chaneli hiyo ikiwa imekwisha kufungwa, mmoja wa watoto hao alitoroka kupitia dirishani akaenda kwa jirani kuomba chakula na maji. Mama alikiri makosa 4 ya ukatili mkubwa dhidi ya watoto, na Februari 2024 akahukumiwa vifungo 4 vinavyofuatana, kila kimoja cha mwaka 1 hadi miaka 15. Haitakuwa haki kusema kwamba kamera ndiyo iliyomtesa mtoto. Mkono uliotesa unajulikana. Lakini kwa miaka kadha mamilioni walitazama nyumba hiyo kama watu wanaotazama mchezo, na aliyepiga simu polisi siku ya mwisho alikuwa jirani mmoja, wa ukuta na mlango. Oktoba 2024 binti mkubwa wa nyumba hiyo aliwaambia watunga sheria wa Utah kwamba hakuna mrekodi wa familia anayeweza kuitwa mwadilifu.

Ufaransa ilikwisha kupitisha, Oktoba 2020, sheria inayotaka fedha wanazoingiza watoto wa chini ya miaka 16 kwa kazi ya video zihifadhiwe hadi watakapokuwa watu wazima, na inayompa mtoto haki ya kudai picha zake ziondolewe. Jimbo la Illinois la Marekani nalo, kuanzia Julai 2024, linamlazimu mzazi anayemtumia mtoto katika video za kulipwa amwekee sehemu ya mapato. Ni hatua njema. Lakini inafidia fedha tu. Utoto wenyewe haufidiwi.

Hapa ndipo jambo linapofika katika shule na ofisi za umma. Siku hizi anaonekana mwalimu anayewarekodi wanafunzi wake darasani: mtoto anaulizwa 7 mara 8, anakosea, darasa linacheka, mwalimu anacheka zaidi, na video inawekwa hadharani kabla ya kengele ya mapumziko. Anaonekana muuguzi aliyevaa sare akisifu dawa ya kupunguza unene. Anaonekana mhudumu wa ofisi akiigiza, kwa kejeli, namna mzee wa kijijini alivyoshindwa kuijaza fomu. Wote hao wakiulizwa watasema kwamba wanaonesha hali halisi ya kazi zao.

Wapo watakaowatetea kwa kusema kwamba mshahara ni mdogo. Hoja hiyo haifai kupuuzwa kwa dharau, kwa kuwa maisha ni magumu na mwalimu ana watoto wa kusomesha kama wazazi wengine. Lakini swali halihusu kama mwalimu anastahili kipato cha ziada. Linahusu mali ya nani inauzwa. Aibu ya mtoto si mali ya mwalimu. Sare ya muuguzi imenunuliwa kwa fedha za umma, na imani ambayo mgonjwa anaiweka katika sare hiyo ilijengwa na wauguzi wa vizazi vingi waliokesha wodini. Hakuna hata mmoja wao aliyempa mwenzao huyu ruhusa ya kuikodisha kwa muuza vidonge. Mzee wa fomu alikuja ofisini kutafuta haki yake, hakuja kuajiriwa kama mchekeshaji asiyelipwa. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Mtumishi anayesema kwamba sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya mabenki na makampuni ya simu aisome tena.

Yule anayetaka kufundisha kwa video ana uwanja mpana. Mwalimu wa hisabati anayesimama peke yake mbele ya ubao, akaeleza sehemu na desimali kwa Kiswahili safi, anawafikia watoto wa shule ambazo hazina mwalimu wa somo hilo. Kiwanda cha madaftari kikimlipa, naye akakitaja mwanzoni mwa somo, hakuna aliyeibiwa. Wafuasi wake huenda wakawa wachache kuliko wa yule anayewachekesha watu kwa makosa ya watoto. Hilo ni kweli, na mwenye kumshauri asimfiche.

Lakini yule mtoto wa 7 mara 8 hakuulizwa. Mzazi wake hakuulizwa. Mwalimu mkuu alipoiona video alicheka, akamtumia mwenzake wa shule ya jirani. Jedwali la 8 mtoto huyo amekwisha kulijua siku nyingi. Video bado ipo, inaongeza watazamaji kila wiki, na Januari mtoto anaingia kidato cha kwanza katika shule ambayo wenzake wote wana dada na kaka wenye simu.